Vichwa Viwili vya Fundo la Saba

Kabla hamjasoma, naomba radhi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara ya Mang'ola, na tahajia yangu ni ya darasa la saba la zamani, tena la mtu aliyekaa nyuma karibu na mlango. Barua hii nimeiandika kwa wiki tatu. Neno nikilitilia shaka huliacha lilale, asubuhi nikaliangalia tena. Mkiona kosa lirekebisheni kimya kimya, msimwambie mtu.

Ninyi vijana wa darasa la ufundi mmetaka niwaeleze kazi yangu. Nilikuwa fundi wa kofia, hapa hapa Karatu, miaka ya sabini na themanini. Sikuwa fundi wa kuzitengeneza. Nilikuwa wa kuzifufua. Siku zile mwanamume mwenye umri wake hakutoka nyumbani bila pama, ile kofia ya sufu iliyoshindiliwa, yenye ukingo mpana na utepe. Lakini madukani kofia mpya hazikuwepo. Sabuni yenyewe tulipanga foleni. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na pama ya baba yake aliitunza kama ng'ombe wa maziwa, na ikiugua aliileta kwetu.

Kwetu ni kwa Fundi Kaloli. Yeye alijifunza kazi hii Oldeani, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja ambaye mke wake alikuwa na kofia nyingi kuliko siku za kuzivaa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye macho madogo, hakujua kusoma, na hakuamini kwamba kusoma kungemsaidia. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na mali yake ilikuwa hii: birika mbili, pasi ya mkaa, brashi, gunia la pumba za mahindi na vichwa vinne vya mti alivyovichonga mwenyewe.

Wiki yangu ya kwanza alitoka, akaniachia pama nyeusi ya mpimaji wa mazao. Akasema, "Isafishe." Mimi niliyekuwa naona haya hata kuuliza njia, sikuuliza isafishwe vipi. Niliitia kwenye sufuria pamoja na sabuni, nikaichemsha kama shuka za hospitali. Kaloli aliporudi aliitoa kwa kijiti, akaivalisha ngumi yake. Ilimtosha vizuri kabisa.

"Hongera," akasema. "Umepata kofia ya ngumi."

Mwenyewe alipokuja kuichukua, nilikuwa nyuma ya gunia la pumba. Nilimsikia Kaloli akimpokea kwa upole. "Mzee, kofia yako imerudi utotoni. Kaa kwanza, tuzungumze." Wakazungumza, mzee akaondoka na kofia nyingine nzuri zaidi, na mimi nikajifunza jambo la kwanza. Sufu haipendi maji ya moto. Inapenda mvuke, tena kidogo. Uchafu unautoa kwa pumba kavu za mahindi, unasugua taratibu kufuata vinyweleo vya sufu vilikolala, kisha unakung'uta. Doa la mafuta unalipaka unga wa chaki, unaliacha mpaka kesho. Na usiishike pama kwa kuibana utosini, kama mnavyowaona watu kwenye picha. Pale ndipo inapopasukia. Ishike kwa ukingo, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma, kama unavyoshika sahani ya mgeni.

Mtauliza hiyo kofia nyingine nzuri tuliipata wapi. Duka letu la jumla lilikuwa upepo. Pale juu kwenye mdomo wa Kreta ya Ngorongoro, watalii walikuwa wakisimama kutazama bonde, na upepo wa kule hauna adabu. Kofia ikishang'oka inashuka msituni, na hakuna mtalii anayeifuata. Wafugaji waliokuwa wakichunga huko waliziokota, wakatuletea. Nakumbuka mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuja na kofia ya kike yenye maua ya kitambaa. Alikuwa ameivaa pamoja na lubega yake, shuka ya begani, amesimama wima kama mkuki.

"Toa hayo maua," akamwambia Kaloli. "Ndama wananifuata."

Tukatoa maua, tukamwekea ukanda wa ngozi. Alilipa kwa asali, akaondoka na heshima yake, na ndama nadhani walirudi kwenye majani.

Sasa niwaeleze jambo ambalo ndilo liliniletea matatizo. Mnaijua Karatu ya mwezi wa saba. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, na kitu kikishalowa hakikauki. Pama inayokaushwa jikoni inajikunja, na inayokaushwa kwenye kichwa cha mti inachukua wiki mbili, nasi vichwa tulikuwa navyo vinne tu. Kaloli alikuwa na dawa yake.

"Mti hauna joto," alikuwa akiniambia. "Kofia huiva kichwani mwa mtu."

Basi mteja akija kuchukua kofia yake na bado ni mbichi, Kaloli alimpa nyingine, ya mteja mwingine, iliyo karibu kukauka. "Hii ni ya karakana," alisema. "Ivae siku kumi, yako ikiwa tayari uirudishe." Mteja alifurahi kusitiriwa. Hakujua kwamba alikuwa anatukaushia kofia ya mwenzake, na kwamba yake nayo ilikuwa inatembea Mbulumbulu kwenye kichwa cha mtu mwingine.

Lakini kofia lazima ivaliwe na kichwa cha ukubwa uleule, la sivyo inaharibika. Kaloli alikuwa na kamba ya mafundo. Fundo la kwanza lilikuwa kichwa cha mtoto wa kipaimara, fundo la saba lilikuwa kichwa kikubwa kuliko vyote. Wa fundo la tatu na la nne walikuwa wengi kama maharage. Wa fundo la saba walikuwa wawili tu katika wateja wetu wote. Mmoja alikuwa mjomba wangu Tarmo, ndugu wa mama, mkulima wa Baray. Wa pili nilimjua kwa jina la "yule wa Daa," kwa sababu siku zote Kaloli ndiye aliyempokea. Hakuna kilichoandikwa. Kaloli aliweka kila kitu kichwani mwake, na mimi niliyejua kuandika niliona haya kumwambia mkubwa wangu tuandike.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nampenda Marselina.

Marselina alikuja kila mnada kuuza maharage. Kwa miezi minane nilikwenda kusimama mbele ya gunia lake bila kusema neno. Mwezi wa tisa yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe kaka, ni bubu, au unahesabu maharage yangu?"

Nikasema, "Nahesabu." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Mengine yalifuata polepole, na mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mjomba Tarmo alikubali kwenda Daa kuniposea. Baba yake Marselina, Mzee Baha, alikuwa mtu mkali. Washenga wawili walikwishafika kwake kabla yangu kwa ajili ya vijana wengine, na wote walirudishwa kabla ya chai. Mimi Mzee Baha nilimwona kanisani tu, na kanisani kofia huvuliwa. Mtu bila kofia mimi nilikuwa simtambui.

Ijumaa, siku moja kabla ya posa, mjomba alikuja karakana kuchukua pama yake. Kaloli alikuwa amekwenda mnadani. Nilitafuta kila mahali, kofia ya mjomba haikuwepo.

"Iko wapi?" mjomba akauliza.

"Bado mbichi, mjomba," nikasema, maana ndilo jibu tulilowapa wote.

"Unataka nikakuombee mke kichwa wazi, kama mtu aliyepita kuomba moto?"

Kwa kweli haikuwezekana. Mshenga bila kofia, maneno yake hayakuwa na uzito. Kwenye kichwa cha mti kilichokuwa karibu na dirisha kulikuwa na pama moja ya fundo la saba, ya kahawia, nzuri, ina unyoya wa kanga kwenye utepe. Nyuma ya ukingo ilikuwa imetafunwa kidogo na ndama. Ilikuwa imebakiza unyevu kidogo tu. Nikampa mjomba, nikamwambia ni ya karakana. Akaivaa, akajitazama kwenye birika, akapendezwa.

Jumamosi asubuhi mjomba alitangulia Daa na wazee wenzake wawili. Mimi nilibaki karakana kunyoosha suruali yangu kwa pasi ya mkaa, kisha niwafuate na kibuyu cha asali. Kaloli akaingia, akatazama dirishani.

"Kofia ya yule wa Daa iko wapi?"

"Nimempa mjomba. Yake sikuiona."

"Ya mjomba wako nilimpa yule wa Daa, Jumatano. Ni fundo la saba, ningempa nani mwingine?" Akachukua brashi, akaanza kazi. Kisha akasimama. "Mjomba wako yuko wapi leo?"

"Amekwenda kuniposea."

"Wapi?"

"Daa. Kwa Mzee Baha."

Kaloli aliweka brashi chini, akakaa juu ya gunia la pumba.

"Kijana," akasema, "yule wa Daa ndiye Baha."

Nilikimbia. Suruali ilikuwa imenyooshwa mguu mmoja. Nilishika kibuyu cha asali kifuani, nikapita kwenye mashamba ya ngano ya watu, nikavuka makorongo mawili, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumnong'oneza mjomba kabla hajaingia uani.

Nilichelewa. Nilipofika, jua lilikuwa limetoboa ukungu, na wazee walikuwa wamekaa nje kwenye vigoda, mjomba na wenzake upande huu, majirani kama sita upande ule. Mzee Baha alikuwa ndiyo kwanza anatoka ndani, amevaa pama ya rangi ya majivu yenye kiraka kidogo mbele. Kile kiraka nilikishona mimi. Mjomba aliwahi kuitoboa ile kofia kwa moto wa kiko.

Na kwa desturi yetu kijana anayeposewa hafungui mdomo. Anakaa nyuma, anatazama chini, wengine wanamsema kama ndama wa mnadani. Kwa miaka yangu yote desturi hiyo niliiona nzuri sana. Siku hiyo nilitamani isingekuwepo.

"Karibuni Daa," akasema Mzee Baha. Hakumtazama mjomba usoni. Alimtazama juu ya nyusi.

"Tumekaribia," mjomba akajibu, naye akitazama juu ya nyusi za mwenzake.

Nikamwona mjomba anapandisha mkono polepole kwenda mbele ya kofia, mahali ambapo huwa anagusa kile kiraka akiwa na mawazo. Hakukikuta. Akakutana na unyoya wa kanga. Mkono ukashuka.

"Mmetoka salama?" akauliza Mzee Baha.

"Salama. Ukungu tu."

"Ukungu mbaya. Hauachi kitu kikauke."

"Hauachi. Mtu anapeleka kitu chake kwa fundi, anaambiwa bado kibichi."

"Nami nimeambiwa hivyo hivyo. Jumatano."

"Mimi jana."

Jirani mmoja mwenye mdomo akakohoa. "Wazee, tumekuja kusikia habari za binti au za mvua?"

Watu wakacheka. Mjomba akasimama kutoa maneno yake. Alikuwa ameyatayarisha wiki nzima, na mimi niliyajua kwa moyo kwa sababu alinifanyia mazoezi. Yalianza hivi: "Mimi ni mtu mwenye mji wangu, shamba langu na kofia yangu kichwani."

"Mimi ni mtu mwenye mji wangu," akasema mjomba. "Shamba langu." Akasimama hapo. "Na mengine," akasema.

Mama Marselina alikuwa anapita na sinia la vikombe, na Marselina nyuma yake na chai. Mama akamtazama mjomba, akasimama. Akamgeukia mume wake. "Baba Marselina, huyu mgeni mbona amevaa..."

"Gawa chai," akasema Mzee Baha.

Akagawa chai, lakini macho yake yalibaki kwenye ule ukingo uliotafunwa na ndama. Marselina aliniletea kikombe mwisho. Alinitazama, akatazama kofia ya baba yake, akatazama ya mjomba, akatazama tena suruali yangu iliyonyooka mguu mmoja. Akaniachia kikombe, akaenda zake. Moyoni nikasema, kwaheri.

Ndipo Mzee Baha akauliza swali ambalo kila baba mkwe huuliza.

"Huyu kijana wenu anafanya kazi gani?"

Mjomba alikuwa hodari wa maneno. Angeweza kumuuzia samaki maji. Lakini swali lile lilimshika pabaya. Akasema polepole, "Ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa kofia."

"Kwa nani?"

"Kwa Kaloli, Karatu."

Mzee Baha akavuta pumzi. "Basi anieleze," akasema, "huko kwa Kaloli kofia ya mtu hufanywa nini, maana naona nimekuwa mjinga kwa miaka mingi."

Majirani wakainama mbele. Vigoda vikalia. Mjomba alinigeukia. Kama nisingesema mimi, tungerudi Karatu kabla chai haijapoa, na Marselina angebaki Daa kumsubiri mshenga wa nne.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi, lakini yote yalikimbia. Likabaki moja tu, la kazi.

"Wazee," nikasema, "ninyi wawili ni fundo la saba."

"Ni nini hilo?" akauliza Mzee Baha.

Nikaeleza. Nilieleza ukungu, sufu, joto la kichwa, kamba. Nilieleza kwamba mti haukaushi kofia vizuri, kinachokausha ni mtu, na kwamba Karatu nzima wenye kichwa cha ukubwa ule ni wao wawili tu, hatujapata wa tatu. Nikasema kila msimu wa ukungu kofia ya Daa ilikaushwa Baray na ya Baray ilikaushwa Daa, ndiyo maana hazijawahi kujikunja. Nilisema na jambo ambalo Kaloli hakuwahi kumwambia mteja yeyote: "Tuliwadanganya kwamba ni ya karakana. Haikuwa ya karakana." Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Nilipomaliza nilikuwa na kiu kama nimelima.

Yule jirani mwenye mdomo akasema, "Kwa hiyo ninyi wawili mmekuwa mkivaliana kofia kama wake wenza?"

Kicheko kikapasuka, na nikaona uso wa Mzee Baha unakunjamana. Mtu mkali akichekwa nyumbani kwake, mbele ya wageni, hana njia ya kurudi. Ndipo mama yake, bibi wa miaka mingi aliyekuwa amejifunika shuka karibu na mlango, ambaye tulidhani amelala, akapiga kigelegele. Kilikuwa chembamba lakini kilifika.

"Mnacheka nini?" akasema. "Hamjui kitu. Zamani wazee wakipatana mahari walibadilishana vya kichwani. Ninyi mlizaliwa juzi."

Mzee Baha alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Mimi nina hakika hakuwahi kusikia desturi hiyo tangu azaliwe. Mjomba naye hakuwahi, lakini mjomba alikuwa mwepesi. Alivua pama ya kahawia kwa mikono miwili, akaishika kwa ukingo, akaipeleka mbele.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nimekuja kwa jambo la mpwa wangu. Pokea."

Mzee Baha akavua ya majivu, akampa. Kila mmoja akavaa yake. Mzee Baha akaisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Imekauka," akasema.

"Imekauka vizuri," nikasema, ingawa hakuniuliza.

"Na ndama aliyekula hapa, mmeshindwa kumtoa?"

"Tunaweza kuupunguza ukingo na kuuzungushia utepe, baba. Haitaonekana kwamba tumekata."

"Baba," akarudia, kana kwamba anaonja neno. "Haya. Kaa chini, umesema ya kutosha. Mama Marselina, chai ya wageni imepoa, leta nyingine."

Chai ya pili, vijana, hakuna mshenga aliyewahi kuifikia kwa Mzee Baha. Nilipokaa chini, Marselina alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya nyumba, ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheka.

Tulioana baada ya mavuno. Kaloli alikuja harusini, akawapima vichwa wageni wote kwa kamba yake, hakumpata wa tatu wa fundo la saba. Mimi nilianza kuandika majina ya wateja kwenye karatasi na kuyachomeka ndani ya ukanda wa jasho, na Kaloli alijifanya hayaoni. Baadaye kofia za mitumba zilikuja kwa marobota, kisha wanaume wakaanza kwenda kichwa wazi kama wanawali, kazi ikaisha. Vichwa vinne vya mti bado ninavyo. Kuku wanavilalia.

Lakini kuna jambo linaloniwasha, ndiyo maana nimekubali kuandika. Mwaka uliofuata harusi yetu, kwenye posa nyingine Daa, wazee wakabadilishana kofia. Nikadhani ni utani. Baadaye nikasikia imefika Mbulumbulu, na mshenga mmoja alinijia karakana akitaka pama ya kubadilishana tu, ya bei nafuu, ambayo haitamuuma. Na binti yangu mdogo alipoposwa, mshenga kijana kutoka Baray alivua kofia yake ya kitambaa, ile ya kuchomoza mbele inayotolewa bure na wauza mbegu, akanipa kwa mikono miwili. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba hiyo ni mila ya mababu zetu na tusiidharau. Nikampa pama yangu. Sikuwa na la kufanya. Marselina alilazimika kwenda nyuma ya nyumba kucheka.

Basi nawaomba mniandikie. Kama kwenu posa inafanywa kwa kubadilishana kofia, nielezeni wazee wenu wanasema ilianza lini na nani aliianzisha. Andikeni hata vibaya, hata kwa penseli. Na kama yupo kati yenu anayemjua yule mshenga wa Baray, mwambieni sina ugomvi na mila, ila pama yangu ilikuwa ya fundo la nne, naye kwa macho yangu ni wa tano. Asiilazimishe. Aniandikie, nitamweleza jinsi ya kuitanua kwa mvuke.